Pete ya Sh. 90,000: Jiwe Lake Linaitwaje?

(Mazungumzo na vijana wa klabu za afya, Tanga)

  

Mmezoea nikija hapa nakuja na chati, mabango na yale maboksi yetu ya vielelezo. Leo sikubeba chochote. Nimekuja na kidole tu. Hiki hapa, kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Pete mnayoiona ni ya fedha, na jiwe lake ni dogo kuliko punje ya mahindi. Rangi yake ni nyekundu inayoelekea kwenye chungwa, kama chai ya rangi iliyokolea ukiiinua kwenye jua. Jumla yake ni Sh. 90,000. Ndiyo, bei naitaja. Mwenye pete ameniruhusu, na mtakapofika mwisho mtaelewa kwa nini nilimwomba ruhusa.

Nataka niwasimulie jinsi tulivyotafuta jina la jiwe hili. Ni habari ya vito, lakini ndani yake kuna mambo ya ngozi, ya fedha na ya watu wawili kusemezana ukweli. Kaa sawa basi.

Nilivyoipata

Mchumba wangu ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Mshahara wa mwalimu anayeanza kazi mnaujua, na kama hamuujui, waulizeni walimu wenu siku wakiwa na furaha. Alipoamua kunivisha pete alikwenda kwa sonara mmoja hapa mjini. Sonara akamfungulia karatasi yenye mawe madogo madogo ya rangi mbalimbali. Mwenzangu akachagua hili kwa Sh. 30,000, na kwa Sh. 60,000 nyingine akapata fedha na ufundi.

Siku ya kuvishwa mimi ndiye niliyeharibu. Nilipoliona tu nikaruka: "Jamani, rubi!" Nikamkumbatia. Wadogo zangu wakapiga vigelegele. Kesho yake kazini nilikuwa naandika huku mkono nimeuinua kidogo, ili asiyeuliza aulize. Nikawaambia wote kwamba ni rubi. Mwenzangu hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alitabasamu tu.

Kumbuka hapo, ndugu msomaji. Jina "rubi" lilitoka kinywani mwangu mimi. Yeye alinyamaza.

Kidole kikaanza kuwasha

Baada ya kama miezi miwili ngozi ya chini ya pete ikawa nyekundu, ikabanduka na kuwasha. Pete yenyewe nayo ikaanza kuweka weusi. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyepokea barua ya posa, akanishika mkono akautazama.

"Mwanangu," akasema, "dhahabu haiwashi na rubi haiji kwa mshahara wa mwalimu. Hicho ni kipande cha chupa. Na kama kakudanganya pete, keshokutwa atakudanganya nini?"

Maneno yale yaliniingia. Usiku sikulala. Nilijiona mjinga, mimi msomi wa chuo kikuu, ninayezunguka wilaya nzima nikiwaambia wasichana wenzangu wafungue macho.

Hebu kwanza niwape elimu ya ngozi, maana kwenye hili Shangazi alikosea na wengi mnakosea pamoja naye. Kidole kuwasha hakuthibitishi kwamba jiwe ni bandia. Sababu za kawaida ni hizi:

Kwanza, sabuni na maji. Unafua, unaosha vyombo, na povu linabaki chini ya pete. Ngozi hailipati jua wala hewa, inalainika na kuchubuka. Hata pete ya dhahabu safi inaweza kukufanyia hivyo.

Pili, madini ya nikeli. Pete nyingi za bei rahisi zina nikeli ndani yake, na wapo watu ambao ngozi zao zinaikataa. Mzio huo ukishaanza, kwa kawaida hauondoki maishani, na utauona tena kwenye hereni, kwenye kifungo cha jinzi au kwenye saa. Dawa yake ni kuachana na chuma hicho.

Tatu, weusi. Fedha ya vito huwa haitumiwi peke yake, maana ni laini mno. Iliyozoeleka ina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Fedha na shaba zikikutana na jasho na hewa hufanya weusi. Kwa hiyo pete kuweka weusi kunaweza kuwa dalili kwamba ni fedha kweli!

Mimi tatizo langu lilikuwa la kwanza. Niliivua pete kwa wiki moja, nikawa nakausha vidole vizuri, nikapona. Ukiona kidole kimevimba, kina usaha, au pete haitoki, usingoje wala usikate kwa kisu. Nenda kituo cha afya.

Ngozi ilipona. Moyo haukupona.

Vipimo vya nyumbani vilivyotaka kuniharibia

Habari ya pete ikasambaa, na kila mtu akawa mtaalamu. Jirani mmoja akasema liwekwe kwenye moto wa mkaa, eti jiwe la kweli haliungui. Mwingine akasema lipigwe msasa. Wa tatu akataka kuliloweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha.

Vijana, msifanye hayo. Moto wa ghafla unaweza kupasua jiwe halisi kabisa, hasa lenye nyufa ndogo ndani. Msasa unaweza kuchuna jiwe la kweli vilevile. Wataalamu hupima ugumu kwa ngazi ya 1 hadi 10: almasi ni 10, rubi ni 9, ganeti ni kama 7, kioo ni kama 5 na nusu. Ganeti ni jiwe halisi lililotoka ardhini, lakini ukilikwaruza kwa kitu kigumu kuliko lenyewe litachubuka, na utakuwa umeharibu mali bila kujua jina lake. Ndimu nayo ina hatari yake. Siku hizi kuna rubi hafifu ambazo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi ili zing'ae. Tindikali ya ndimu hula kioo kile, na asubuhi unakuta jiwe limejaa mistari myeupe.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Si kweli kwamba jiwe ni ama halisi ama chupa, basi. Kuna mawe yaliyotengenezwa kiwandani. Rubi ya tanuru ilitangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na mpaka leo inatengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ndogo. Ukiipima ugumu ni rubi, ukiipima kemia yake ni rubi, ila haikutoka ardhini. Moto wa jirani yangu ungempa jibu gani hapo?

Na macho je? Macho ndiyo yanayodanganya kuliko vyote. Mbele ya taji la kifalme la Uingereza kuna jiwe kubwa jekundu la karati kama 170 linaloitwa Rubi ya Black Prince. Kwa mamia ya miaka watu waliamini ni rubi. Si rubi. Ni spineli, jiwe jingine kabisa, la aina ile ile tunayochimba sisi Mahenge, Morogoro. Kama wafalme na masonara wao walikosea, sembuse mimi na shangazi yangu?

Safari ya Arusha

Kurudi kwa sonara niliona haina maana. Shangazi alisema, "Muuzaji umwulize bidhaa yake, akujibu nini?" Bahati nzuri nilikuwa na semina ya kazi Arusha, na shule zilikuwa zimefungwa. Nikamwambia mwenzangu: "Twende wote. Nataka tukalipime jiwe."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, twende."

Tulipanda basi alfajiri. Tukapita Muheza kwenye machungwa, Segera, Korogwe, Mombo, mpaka Same. Njia nzima yeye alikuwa anatazama nje dirishani. Mimi nikawa nahesabu makosa yake moyoni. Nilikuwa nimeshaamua: wakisema ni chupa, pete naivua hapo hapo, na mahari yao Shangazi atairudisha.

Arusha ni mji wa vito. Tanzanaiti ya Mirerani ndiyo iliyoupa jina, na ndiko kilipo Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha vijana kukata na kung'arisha mawe. (Nyie mnaolalamika kwamba ajira hakuna, ufundi huo mmeufikiria?) Sisi tulielekezwa kwa mzee mmoja mtaalamu mwenye chumba kidogo, meza, taa na vifaa vyake. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha viti. Wala hakutuuliza bei tuliyonunulia. Aliiosha pete kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, akaifuta.

"Jiwe chafu," akasema, "hata mimi halinielezi kitu."

Jinsi jiwe linavyopimwa

Nitawaeleza hatua kwa hatua, maana nilimsumbua kwa maswali na alinijibu yote.

Hatua ya kwanza ilikuwa lenzi ndogo ya kukuza mara 10. Alitafuta viputo vya hewa vya mviringo, ambavyo huonekana kwenye kioo. Hakuna. Alitazama kingo za mikato: za kioo mara nyingi huwa zimelegea na kuviringika, hizi zilikuwa kali. Kisha akanipa lenzi mimi. Ndani ya jiwe nikaona vijisindano vyembamba mno, vimelala huku na huku. "Hayo ni madini mengine yaliyokua humo humo," akasema. "Tanuru haliweki vitu kama hivyo. Ardhi ndiyo inayoweka."

Hapo nikapumua. Chupa imeshatoka. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa bado ameinamisha kichwa.

Hatua ya pili ilikuwa refraktometa. Hiki ni kisanduku kidogo chenye kioo juu yake. Unaweka tone la maji maalumu, unalaza uso wa jiwe, unachungulia. Kifaa kinakuonyesha jiwe linavyopinda mwanga, na kinakupa namba. Kila aina ya jiwe ina namba zake, kama vile wewe na alama zako za vidole. Kioo mara nyingi husoma chini ya 1.70. Spineli ni kama 1.72. Rubi ni 1.76 na 1.77. Jiwe letu likasoma 1.76.

Nikaruka kitini. "Si nilisema! Rubi!"

"Tulia, mwanangu," mzee akasema. "Nimekuambia rubi ni 1.76 na 1.77. Ni namba mbili. Rubi inagawa mwanga mara mbili. Hili nimelizungusha pande zote, namba ni moja tu."

Hatua ya tatu ilikuwa polariskopu: vioo viwili vya kuchuja mwanga, taa chini, jiwe katikati. Ukizungusha rubi, kwa kawaida huwaka na kuzimika mara nne katika mzunguko mmoja. La kwetu lilizungushwa likabaki giza mwanzo mpaka mwisho. Maana yake halikugawa mwanga.

Hatua ya nne ilikuwa tochi ya miale isiyoonekana kwa macho. Rubi nyingi zikimulikwa nayo huwaka kama kaa la moto. Letu halikuwaka.

Hatua ya mwisho ilinifurahisha kuliko zote. Aliiweka pete juu ya kipande cha povu, akakielezesha kwenye bakuli la maji. Akasogeza sumaku ndogo yenye nguvu nyingi karibu na jiwe, bila kugusa. Kipande kile kikaanza kusogea, polepole, kikaifuata sumaku. "Fedha haivutwi na sumaku," akasema, "na rubi haivutwi hivi. Humu ndani mna chuma na manganizi. Hili jiwe ni ganeti."

Kisha akaizima taa, akamgeukia mwenzangu.

"Kijana, aliyekuuzia alikuambia linaitwaje?"

Kimya. Nilisikia pikipiki zinapita nje.

"Sema, mwanangu."

Mwenzangu akanitazama, akamtazama mzee, akasema kwa sauti ya chini: "Malaya."

Kha! Damu ilinipanda. "Nani malaya?"

"Jiwe," akasema. "Jiwe linaitwa malaya."

Mzee akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Jiwe lililotukanwa

Ni kweli, vijana. Muulizeni mtu yeyote wa vito. Habari yenyewe ni ya kwetu hapa hapa Tanga.

Miaka ya 1960, kwenye Bonde la mto Umba, karibu na mpaka wa Kenya, watu walikuwa wanachimba ganeti ya rangi ya waridi na zambarau inayoitwa rodolaiti. Wanunuzi waliitaka hiyo. Lakini ndani ya mafungu yakawa yanatokea mawe mengine, ya rangi ya chungwa, ya chungwa na waridi, ya kutu iliyoiva. Ukiyapima si rodolaiti. Hayakuingia kwenye ukoo wowote uliojulikana na wafanyabiashara. Yakawa yanachaguliwa na kutupwa kando, na yakapewa jina la matusi: malaya. Yaani jiwe lisilo na kwao.

Baadaye yalipochunguzwa vizuri ikaonekana ni ganeti halisi, mchanganyiko wa aina mbili zinazoitwa piropu na spesatini. Wakataji wa Ulaya na Marekani wakaanza kuyapenda, na bei ikapanda. Leo malaya nzuri, kubwa na safi inawashinda watu wa kawaida kama sisi. Letu ni dogo na lina vijisindano, ndiyo maana mwalimu aliliweza. Jina halikubadilika. Huko nje wameligeuza herufi moja tu, wanaandika "malaia", na wanalitaja bila aibu kwa sababu hawajui maana yake.

Mwenzangu alijua maana yake. Sonara alimtajia huku anacheka. Akalichagua kwa sababu ya rangi, akanuia kunisimulia habari yote siku ya kunivisha. Halafu mimi nikapiga kelele: "Rubi!" Wadogo zangu wakapiga vigelegele. "Sasa ningesemaje?" akaniuliza. "Niseme mbele ya shangazi yako kwamba nimekuvisha malaya?"

Nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena.

Lakini sikumwachia hivi hivi. Nilimwambia kwamba miezi miwili ni mingi. Siku ya kwanza aliona aibu, nakubali. Siku ya pili je? Ya kumi je? Kila nilipomwambia mtu "rubi" yeye alikuwepo na alijua. Akakubali kosa. Na mimi nikakubali langu: sikuuliza. Nilimpa jina la jiwe kabla hajafungua mdomo, na nililipenda jina lile kwa sababu ya watu wa ofisini, si kwa sababu yake. Nani anapata ujasiri wa kusema kweli kwa mtu ambaye ameshashangilia?

Mzee alituacha tumalize, akatuandikia kwenye karatasi: ganeti, ya asili, rangi ya chungwa-nyekundu, kundi la malaya. Akaongeza kwamba kama tungetaka kujua mchanganyiko wake kamili ingebidi litolewe kwenye pete na kupimwa kwa vifaa vikubwa zaidi, lakini kwa pete ya kuvaa hiyo inatosha.

Njiani tulivyorudi

Safari ya kurudi hatukunyamaza. Kuanzia Arusha mpaka Segera tuliongea. Nikajua ana mkopo aliomsomeshea mdogo wake. Akajua kwamba mimi sitaki kuzaa mwaka wa kwanza, na kwamba nilikuwa naogopa kumwambia. Tukapanga siku ya kwenda pamoja kupima damu, jambo ambalo mimi mwenyewe ninalihubiri kila wiki na kwa mchumba wangu nilikuwa nimeliahirisha. Tulikwenda, na majibu yetu ni yetu.

Shangazi nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akalichukua jiwe akalitazama kwenye jua muda mrefu, akasema: "Kumbe zuri. Lakini jina hilo usilitaje mbele ya wakwe zako." Kisha akaongeza, "Na yule mwalimu mwambie aje, nina maneno naye." Alikuja. Maneno yenyewe yalikuwa samaki wa kupaka.

Nami nikarudi ofisini nikawaambia wenzangu wote, mmoja mmoja, kwamba si rubi. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko safari ya Arusha. Wawili walicheka. Mmoja aliniomba namba ya sonara.

Neno moja kuhusu neno hilo

Sikutaka kumaliza bila kusema hili. Neno lile lililowafanya watu walitupe jiwe zuri kando, kwenye klabu zetu nalisikia karibu kila juma. Msichana akiuliza habari za kondomu, anaitwa hilo. Akionekana kwenye dirisha la uzazi wa mpango, anaitwa hilo. Akimkataa mvulana, anaitwa hilo. Akimkubali, anaitwa hilo hilo. Matokeo yake nayaona mimi. Anakuja kliniki akiwa amechelewa, au haji kabisa.

Waliolitukana jiwe hawakulipima. Walilitazama tu, wakaona halifanani na walichokuwa wanakitafuta. Wewe kijana wa kiume unayetupa neno hilo kijiweni, na wewe msichana unayemtupia mwenzako, umepima nini?

Mambo ya kukumbuka

Kabla sijawaachia nafasi ya maswali, nawapa haya ya kushika:

1. Ukinunua pete, mwulize muuzaji maswali matatu: jiwe hili ni la aina gani, ni la ardhini au la kiwandani, na limefanyiwa kitu gani? Omba aandike kwenye risiti. Asiyetaka kuandika, achana naye.

2. Jiwe la kiwandani au la kioo si dhambi, mradi limeuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Zirkonia ya kutengenezwa, inayofanana na almasi, imekuwa ikiuzwa tangu miaka ya 1970, na watu wameoana nayo vizuri tu.

3. Usipime kwa moto, msasa, nyundo, meno wala ndimu. Tafuta mtaalamu mwenye vifaa. Tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini mikoani, na huko unaweza kuelekezwa.

4. Safisha pete kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini. Ivue unapofua na unapoosha vyombo. Kausha kidole kabla ya kuirudisha.

5. Pete ikikuwasha, usianze kumshuku aliyekupa. Anza na ngozi yako.

6. Usiingie kwenye deni kwa ajili ya pete. Deni utalilipa ukiwa kwenye ndoa, na litalipwa na wote wawili.

7. Ukipewa zawadi, kabla hujaipa jina, mwulize aliyekupa: "Niambie habari yake." Kisha nyamaza, msikilize.

Maswali ya kujadili kikundini

Je, kama mchumba wako amepata pete ya bei ndogo, anaogopa nini kukwambia? Je, wewe ungekuwa mwalimu yule, ungelitaja jina la jiwe siku ile mbele ya shangazi? Na kama usingelitaja, ungelitaja lini?

Jadilianeni, tuandikieni. Wavulana, msiwaachie wasichana peke yao kuandika.

Mimi pete yangu ninayo. Harusi ni baada ya mavuno, Mungu akipenda. Na ukinikuta njiani ukaniuliza, "Dada, hilo jiwe ni nini?" nitakwambia bila kupepesa macho: ni ganeti ya kundi la malaya. Ukitaka kucheka, cheka. Halafu nitakupa mkono ulitazame kwenye jua.